Tozo ya simu tuliipigia kelele, kodi ya LUKU tukaimeza. Kwa nini?

Kaunta ya Chikongola (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kutoka Mtwara mjini. Joto la Oktoba limeshaanza kuchemsha watu, kila mwenye mkorosho anasubiri mnada, na dukani tangu asubuhi wameingia watu wanne, wawili wakiuliza njia. Nimepata nafasi ya kuandika. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite salama.

Nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi (si langu, nimeajiriwa) na pembeni nina kibanda cha uwakala. Kutwa nzima kazi yangu ni kupokea hela za watu na kuwapa karatasi au kusubiri meseji iingie kwenye simu zao. Ukikaa kwenye kaunta muda mrefu unajua mteja atakunja uso kwenye mstari gani kabla hajaufikia.

Rudini 2021. Tarehe 15 Julai ilianza tozo ya miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kutegemea kiasi unachotuma au kutoa. Kelele zake mnazikumbuka. Pale kibandani vijana walikuwa wanaisoma meseji kwa sauti, wakifika kwenye tozo ya Serikali wanasonya, halafu wananiangalia mimi kana kwamba hela imeingia mfukoni kwangu. Wengine waliacha kutuma kabisa, wakawa wanampa kondakta wa basi la Masasi bahasha na soda. Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 kiwango cha juu kikashuka tena, kutoka 7,000 hadi 4,000. Bajeti ya 2023/24 ikaifuta ile ya kutuma.

Sasa lile la pili. Agosti 2021, mwezi mmoja tu baada ya tozo, kodi ya majengo ilihamishiwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nyumba ya kawaida shilingi 1,000 kwa mwezi, inakatwa unaponunua umeme. Julai 2023, wakati watu wanashangilia tozo ya kutuma kufutwa, hii ikapanda hadi 1,500. Kwa mwaka ni 18,000 badala ya 12,000. Imeongezeka nusu nzima! Kibandani kwangu hakuna kijana aliyeniuliza. Mtu ananunua umeme wa elfu tano, yuniti zinakuja pungufu, anasema "mwanzo wa mwezi huu" na kuondoka. Kana kwamba ni hali ya hewa.

Na wengi wao ni wapangaji! Kodi ni ya mwenye nyumba. Mimi mwenyewe nimepanga Magomeni ya hapa Mtwara, LUKU ya nyumba nzima nanunua mimi na wenzangu wawili wananichangia, na nimekuja kushtuka juzi tu kwamba tangu nihamie Januari nailipia kodi nyumba ambayo sina hata tofali lake. Muuza LUKU huyo. Chekeni.

Nikaanza kusoma. Kuna wachumi wanaoshughulika na mambo haya, mmoja ni Richard Thaler, Mmarekani aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2017. Wanasema namna unavyompangia mtu machaguo inamsogeza upande fulani bila kumkataza upande mwingine wala kumwongezea bei. Mimi naita kisukumo. Kisukumo mnakijua nyote: kamati ya harusi ikituma orodha kwenye grupu la WhatsApp, juu kabisa kaanza aliyetoa laki, wewe uliyepanga elfu kumi unajikuta umeandika thelathini. Hakuna aliyekulazimisha.

Nikajaribu kitu dukani. Zamani nilikuwa namuuliza mteja, "Risiti nikutolee?" Kijana akiulizwa hivyo jibu lake ni moja: "Achana nayo, kaka." Ana haraka, boda inamsubiri, na akili yake inamwambia risiti ni shida ya tajiri. Nikaacha kuuliza. Natoa tu, nampa pamoja na chenji. Hakuna anayeirudisha. Wengine wanaitupa mlangoni, sawa, lakini imetoka na mauzo yameingia kwenye mashine.

Hatua ya pili ndiyo iliyonileta hapa. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, mmeiona: karatasi ya kufifia, maandishi ya Kiingereza, inakuambia mwanzo wa risiti halali na chini mwisho wa risiti halali, katikati namba tupu. Siku moja kijana kanunua rangi na brashi, jumla 59,000. Nikachukua kalamu nikapigia mstari pale kwenye kodi, 9,000, nikamwambia, "Hii umeipa Serikali leo."

Akaitazama. "Mimi? Mimi sina hata TIN."

"Huhitaji TIN. Ni VAT, asilimia 18, imo humo kwenye bei."

Akakaa kwenye ndoo ya rangi. Nasema ukweli, alikaa. Akaniambia miaka yote anajihesabu ni mtu asiyelipa kodi, ndiyo maana kwenye mikutano ya mtaa haendi. Ataenda kudai nini wakati hachangii? Halafu akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Kwa hiyo ile barabara ya kwetu na mimi nimo?"

Naomba tujadili. Hivi visukumo vidogo vinatufanya vijana tuione hela ya umma kuwa yetu, au vinatulaza?

---

Bodaboda Mkanaledi

Nimeweka kiti mbele. Ila huyo aliyekalia ndoo ya rangi ana namba? Ananidai nauli.

---

Mchumi Njaa

Mkuu umegusa penyewe, ila mambo mawili uliyoyachanganya nayatenganisha.

La kwanza ni kuonekana kwa kodi. Hilo la LUKU lina ndugu yake Marekani. Madaraja na barabara za kulipia zilipohama kutoka kulipa taslimu kibandani kwenda kukatwa na kifaa kilichobandikwa kwenye gari, mchumi Amy Finkelstein alifuatilia viwango vyake. Utafiti wake ulitoka 2009. Madereva wa kifaa hawakuwa wanajua wanalipa kiasi gani, na viwango vikaja kuwa juu kwa asilimia 20 hadi 40 kuliko ambavyo vingekuwa kama watu wangeendelea kutoa noti mkononi. Hakuna njama yoyote hapo. Kinachokatwa kimyakimya hupandishwa kimyakimya. Linganisha sasa tozo yako iliyoshuka mara tatu na LUKU yako iliyopanda.

La pili ni kawaida ya wengi. Uingereza walianzisha kitengo cha serikali cha mambo haya mwaka 2010. Wakawaandikia wadaiwa wa kodi zaidi ya laki moja barua zenye maneno tofauti. Barua iliyofanya vizuri kuliko zote haikutishia mtu. Ilisema watu tisa kati ya kumi nchini hulipa kodi kwa wakati, na wewe uko kwenye kikundi kidogo sana ambacho bado. Watu wakalipa.

Lakini tusikimbilie kuinakili hapa. Ile barua ilifanya kazi kwa sababu ni kweli wengi wanalipa. Ukibandika stendi ya Mkanaledi kwamba wananchi wengi hawadai risiti, umemwambia kijana kuwa kutodai ndiyo kawaida. Marekani kwenye hifadhi moja ya Arizona yenye miti iliyogeuka mawe, mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake waliweka kibao cha kulalamika kwamba wageni wengi wanaiba vipande vya miti. Wizi ukaongezeka. Kila nikisikia kiongozi anasema "vijana wetu hawana utamaduni wa kulipa kodi" nakumbuka kile kibao.

---

Mzee wa Ligula

Wanangu, mimi ni mtu mzima, kuandika kwenye simu kunanipa tabu, nitakwenda polepole.

Nyie mnazungumza visukumo. Sisi wa huku tumeshasukumwa mpaka tukazoea. Kijana wa Mtwara hafundishwi hela ya umma na karatasi ya duka. Anafundishwa na alichokiona akiwa mtoto. Mei 2013, siku bajeti ya Nishati na Madini inasomwa bungeni, mji huu ulikuwa unawaka moto kwa ajili ya bomba la gesi. Aliyekuwa na miaka kumi na mbili siku ile, leo ndiye huyo kijana wenu wa ndoo ya rangi. Alilala chini ya kitanda na bibi yake. Bajeti kwake ni neno lenye harufu ya moshi.

Halafu 2018. Kabla ya hapo asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazokwenda nje ilikuwa inarudi kuendeleza zao. Sheria ya Fedha ya mwaka ule ikaupeleka wote Hazina. Novemba Serikali ikasema inanunua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakaja kubeba. Wako waliolipwa, wako waliosubiri. Baba akisubiri, mtoto anaona.

Sasa wewe unampigia mstari kwa kalamu, 9,000, umeipa Serikali. Vizuri. Na yeye ana mistari yake kichwani, ya kalamu nzito zaidi.

---

Kaunta ya Chikongola

Shikamoo mzee. Umenifunga mdomo kidogo. Mimi 2013 nilikuwa darasa la sita, naukumbuka moshi.

Ila mzee, sikudhani kalamu inafuta hayo. Nilichoona ni kwamba yule kijana kabla ya kalamu alikuwa anasema "hela yao". Baada ya kalamu akasema "na mimi nimo". Hakuwa amefurahi. Alikuwa amekasirika, lakini hasira yake ilikuwa imepata pa kukaa.

---

Mzee wa Ligula

Marahaba. Hapo nakuelewa. Mwenye hasira yenye anwani anaweza kuja mkutanoni.

---

Mpulizia Salfa

Tandahimba hapa, nimeshika simu mkono mmoja na fagio la kufagilia chini ya mkorosho mkono mwingine.

Mkitaka kuona kijana anayejua hela ya umma msiende mjini, njooni kwenye chama cha msingi siku ya kusomewa mjengeko wa bei. Bei ya mnada inasomwa, halafu makato moja baada ya jingine kwa kilo: ushuru wa halmashauri asilimia 3, chama kikuu, chama cha msingi, ghala, usafirishaji, magunia. Kila kato lina jina na shilingi zake. Huko hakuna aliyelala. Kijana aliyefeli hesabu darasa la saba anakokotoa shilingi kwa kilo kichwani kuliko mhasibu. Mwaka juzi kijana mmoja wa kwetu alimsimamisha mwenyekiti kwa kato ambalo lilisomwa kwa jina tofauti na la msimu uliopita. Kumbe lilikuwa lilelile, limebadilishwa jina tu, lakini ilichukua nusu saa kuelezwa na mwenyekiti alitoka jasho.

Ule ushuru ulikuwa asilimia 5 mpaka 2017 ukashushwa hadi 3. Muulize mkulima yeyote, anajua. Halafu muulize huyohuyo VAT kwenye sabuni aliyonunua. Hajui kama ipo.

Ni mtu yuleyule mmoja. Kwenye korosho amesomewa, dukani hakusomewa.

Lakini msitusifie sana. Tunayo kangomba. Hujalima vizuri, njaa ya kabla ya msimu imebana, anakuja mtu anakupa hela leoleo kwa bei ya kutupa, msimu ukifika korosho zako ni zake. Kila mtu anajua anapigwa. Ushuru wa halmashauri humo haulipwi, mjengeko wa bei hausomwi, unahesabu noti na kwenda zako. Vijana ndio wanaingia zaidi, kwa sababu mnada wa Oktoba kwa mtu mwenye njaa ya Julai ni kama ahadi ya peponi. Hapo kisukumo gani mtaweka? Mimi naona hela ya pembejeo ikija mapema, salfa ikifika kwa wakati, kangomba inapungua yenyewe. Maneno hayajazi tumbo la Julai.

---

Chaki Newala

Mimi ni mwalimu, ajira mpya kiasi. Naongezea la mtumishi.

Salari slipu yangu naijua kama sura ya mama. Kodi ya mshahara, mfuko wa hifadhi ya jamii asilimia 5, bima ya afya 3, bodi ya mikopo 15. Hakuna hata shilingi inayonifikia kwanza ndipo niitoe. Inakatwa juu kwa juu. Na sijawahi kufikiria kuikwepa, kwa sababu hakuna mahali pa kukwepea.

Ila angalia ninavyoyahisi hayo makato, ni tofauti. Ya bodi naifuatilia mwezi hadi mwezi kwa sababu deni nalijua na linashuka. Mwaka 2021 walipoifuta ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, niliona deni linapungua kwa kasi na nikawapigia simu wenzangu niliosoma nao. Kodi ya mshahara, ambayo nayo inanikata vizuri tu, sijawahi kuifuatilia hata siku moja. Haina salio. Huoni inapoishia. Deni lina mwisho, kodi ni mto.

Sasa najiuliza, kama ile karatasi ya mshahara ingekuwa na mistari miwili chini inayosema kodi yako mwaka huu imefika kiasi gani na halmashauri yako imepokea kiasi gani kutoka Hazina, ningeifuatilia? Nadhani ndiyo. Wanafunzi wangu nikiandika alama tu hawasomi, nikiandika alama na nafasi wanagombania daftari.

---

Binti Mikindani

Jamani mmesahau mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ile ndiyo hela ya umma ambayo kijana anaishika mkononi. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Mimi nilikuwa kwenye kikundi cha vijana saba kabla haijasimamishwa. Halmashauri siitaji.

Tulipopata hela, siku ya kwanza tu mwenzetu mmoja akasema "hii ni hela ya Serikali, haina mwenyewe." Nilimtazama sana. Huyohuyo akikopa kikoba cha kina mama, elfu ishirini, analipa kabla ya Ijumaa, maana kikobani mwenye hela anaitwa shangazi yake. Tukarejesha miezi mitatu, mwezi wa nne wawili wakaanza kusuasua, wa tano tukawa tunalipa watatu.

Afisa mmoja akaja na wazo la kubandika majina ya wadaiwa sugu ubaoni. Hapo ndipo ninapopingana na Mchumi na kawaida yake ya wengi, na Kaunta na orodha yake ya harusi. Majina yalibandikwa. Kilichotokea? Mmoja kahamia Nangurukuru, mwingine alisema "si mmeshanitangaza, basi", hajalipa mpaka leo. Aibu ikishamwagika haizoleki, mtu hana tena cha kukilinda. Na aliyekuwa anauguza mama yake kwa ile hela alibandikwa sawasawa na aliyenunua sabufa.

Kilichosaidia kilikuwa kidogo mno. Mweka hazina wetu alianza kututumia meseji kila tarehe 25, kabla ya tarehe ya kulipa: "Kikundi chetu kimebakiza kiasi hiki, tukimaliza kikundi cha kina dada wa cherehani ndicho kinafuata kwenye foleni." Wale dada tunawajua, tunashonewa nao. Tulimaliza.

---

Bodaboda Mkanaledi

Binti umesema kitu. Hela haina mwenyewe mpaka mwenyewe awe na cherehani.

Mimi naleta ya kwangu. Kitambulisho cha mjasiriamali, kile cha 20,000 cha Desemba 2018, kwa wenye mauzo chini ya milioni 4 kwa mwaka. Nilikuwa nauza korosho za kubangua na ming'oko ya kuchemsha pale stendi kabla sijapata pikipiki. Watu wanasema ilikuwa hela tu imekusanywa, sibishani. Lakini nilikivaa shingoni kila siku kama medali. Mgambo akipita nakigeuza kionekane vizuri. Sijawahi kulipa kitu kwa Serikali kwa moyo mweupe kama ile elfu ishirini, na nilikuwa nimeikopa.

---

Mchumi Njaa

Dada wa Mikindani, nakubali, orodha ya aibu naiondoa mezani. Na niseme jambo ambalo sisi tunaopenda tafiti hizi hatupendi kulisema. Mwaka 2012 ulitoka utafiti uliopendwa dunia nzima: ukimfanya mtu atie saini ya uaminifu juu ya fomu badala ya chini, anasema ukweli zaidi. Ofisi mbalimbali zikavutiwa na wazo la kubadilisha fomu. Mwaka 2021 ukaondolewa, baada ya kubainika kwamba takwimu za sehemu yake mojawapo zilikuwa za kughushi. Tafiti kuhusu uaminifu, wakuu! Kwa hiyo mtu akikuletea kisukumo kilichofanya maajabu mahali fulani, muulize kilijaribiwaje, na kama kimejaribiwa kwa watu wa aina yako.

La risiti limejaribiwa sana. Taiwan tangu 1951 kila risiti ina namba ya bahati nasibu, watu wanatunza karatasi mpaka siku ya droo. São Paulo kule Brazili walianza 2007 kumrudishia mnunuzi sehemu ya kodi na kumwingiza kwenye droo. Mchumi Joana Naritomi aliupima mpango huo, akakuta mauzo ambayo maduka yaliyaripoti yalipanda kwa asilimia 21 hivi ndani ya miaka minne. Lakini hapo kuna pesa, si kisukumo kitupu. Na kuna swali ambalo droo hailijibu: aliyedai risiti ili ashinde pikipiki, ametoka hapo akiwa raia anayeuliza barabara, au amekuwa mcheza kamari wa Serikali?

---

Kaunta ya Chikongola

Mchumi, hilo la mwisho ndilo linalonisumbua. Kuna njia mbili za kumsogeza kijana. Moja inamfanya alipe bila kugutuka, kama LUKU. Mapato yanapatikana, usumbufu hakuna, wakusanyaji wanapongezana. Nyingine inamgutusha, kama mjengeko wa bei wa Tandahimba. Hii ina gharama yake, maana aliyegutuka anauliza, na mwenyekiti anatoka jasho nusu saa. Anayepanga mfumo anajua ni ipi itampa usingizi.

Mimi siamini kwamba vijana wa Mtwara tuna tabia mbaya juu ya kodi. Mpulizia amesema, mtu yuleyule mmoja. Kwenye korosho ni mkaguzi, kwenye LUKU ni mteja. Jinsi alivyolipishwa ndiyo imemfanya hivyo.

Ila na mimi nina doa. Tajiri wangu ameniona napigia watu mistari, akaniambia niache, nawafanya wateja waone bidhaa ghali. Na ni kweli, wawili waliuliza kama naweza kuwauzia "bila ile ya kalamu". Nimeacha kalamu, risiti natoa. Mnisamehe.

---

Chaki Newala

Usijilaumu. Lakini hao wawili wanatakiwa wahesabiwe. Ulimwonyesha mtu kodi, akatafuta mlango wa kuikwepa. Kuona hakumfanyi kila mtu awe raia mwema. Wengine kunawafanya wajanja.

---

Mpulizia Salfa

Na kwetu vilevile. Wapo wanaosomewa mjengeko wa bei Oktoba, Julai inayofuata wako kwa kangomba. "Ushuru wote ule niupeleke wapi?" Wanatumia tulichowasomea kama sababu.

---

Mzee wa Ligula

Wasomeeni na matumizi. Kijijini kwetu mkutano mkuu ni kila miezi mitatu, mapato na matumizi yanatakiwa yasomwe. Nimekaa mikutano ambayo mapato yalisomwa kwa dakika arobaini, matumizi kwa pumzi moja. "Na mengineyo." Mzee kama mimi naweza kuvumilia mengineyo. Kijana hawezi, na hapaswi.

Halafu wewe wa kaunta, tangu mwanzo umeandika unalipia kodi nyumba ya mtu. Umemwambia mwenye nyumba au umetuambia sisi tu?

---

Binti Mikindani

Ndiyo! Mrejesho! Ilivyoanza walisema wazi kodi ni ya mmiliki, mpangaji aelewane na mwenye nyumba wake. Chukua vithibitisho vyako uende.

---

Kaunta ya Chikongola

MREJESHO.

Jana jioni nimekwenda kwa bi mkubwa, mwenye nyumba wangu. Nilichapisha risiti zote za LUKU tangu Januari, nikazipanga kwa mwezi, nikazipigia mstari (kalamu nimeirudisha kwa matumizi binafsi). Nimemkuta barazani anachambua mboga. Shikamoo, marahaba, nikakaribishwa chai, nikaanza kwa kuzunguka, hali ya hewa, korosho, mpaka mwenyewe akaniambia, "Sema shida yako, hujaja kunywa chai."

Nikampa karatasi. Shilingi 1,500 kwa miezi kumi, 15,000. Akavaa miwani, akazisoma moja moja, kidole chini ya mstari. Nilijiandaa kwa ugomvi.

Akaniambia, "Mwanangu, mimi nilijua hii kodi imefutwa."

Zamani kulikuwa na karatasi inakuja, anasema, mtu wa ofisi anagonga mlango, unakwenda kupanga foleni. Karatasi ikaacha kuja. Akadhani Serikali imewasamehe wazee. Miaka yote hii hakujua kwamba nyumba yake inalipa.

Akachukua daftari la wapangaji, akaandika jina langu, akaandika 15,000, "itapungua Novemba". Kisha akauliza ilianza lini hasa. Nikamwambia Agosti 2021. Akaanza kuhesabu wapangaji waliopita kwenye kile chumba kwa majina, mmoja mmoja, yule wa bandarini, yule dada wa chuo, akafika wa nne akaweka kalamu chini.

---

Bodaboda Mkanaledi

Umekwisha. Novemba unapunguziwa elfu kumi na tano, Desemba chumba kinapanda elfu ishirini.

---

Kaunta ya Chikongola

Ishirini na tano. Ameshaniambia asubuhi hii.